Sifa za Kujiunga na Jeshi la Polisi: Mwongozo kwa Vijana wa Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Kila Jeshi la Polisi Tanzania linapotangaza nafasi za ajira, steshenari za Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, hujaa vijana wenye bahasha za kaki mikononi. Wengi wao huwa ndio kwanza wanaanza kutafuta kitu kisichopatikana kwa siku moja: cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA, au hati ya kueleza kwa nini jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne si lile walilopewa na wazazi wao. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa siku chache tu, ilhali kurekebisha jina au tarehe katika kumbukumbu za Serikali huchukua wiki, na mara nyingine miezi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wanapokwama vijana wengi ambao kwa elimu na kwa mwili hawana upungufu wowote, na ndiyo sababu mwongozo huu utakaa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye mbio.

Sifa zinazoelezwa hapa ni zile ambazo Jeshi limekuwa likizitaja katika matangazo yake ya miaka ya karibuni, hususan la mwaka 2024. Kila tangazo hutawala usaili wake peke yake, kwa hiyo msomaji asome tangazo jipya neno kwa neno litakapotoka, akianzia na miaka ya kuhitimu inayokubaliwa, kwa kuwa hicho ndicho kipengele kinachobadilika kila mara.

Nani anaruhusiwa kuomba

Sharti la kwanza ni uraia. Mwombaji anatakiwa awe raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, na matangazo yamekuwa yakitaka wazazi wake nao wawe raia wa kuzaliwa. Kwa mtu wa Dodoma au Singida sharti hili halimnyimi usingizi, lakini kwetu ziwani lina uzito wake. Ziwa Victoria tunalishiriki na Uganda na Kenya. Wavuvi wamekuwa wakihama kutoka mwalo (mahali pa kupakulia samaki ufukweni) hadi mwalo kwa vizazi, na zipo familia za Rorya, Tarime, Musoma na Bukoba ambazo nusu ya ndugu wako ng'ambo ya mpaka. Kijana ambaye mama yake alizaliwa Migori au Masaka asijidanganye kwamba jambo hilo halitaonekana, kwa sababu wanaopita katika usaili hufanyiwa upekuzi wa asili na mwenendo wao, na upekuzi huo hufika hadi kijijini. Ambaye wazazi wake ni Watanzania wa kuzaliwa lakini hawana cheti wala kitambulisho awasaidie mapema kupata namba ya NIDA, kwa kuwa mzazi ambaye hayumo katika kumbukumbu yoyote humpa mtoto wake maswali mengi ya kujibu.

Umri uliokubaliwa ni kuanzia miaka 18 hadi 25 kwa wenye elimu ya kidato cha nne, kidato cha sita, astashahada na stashahada, na kuanzia miaka 18 hadi 30 kwa wenye shahada. Ukomo huu hauna huruma. Aliyeshamaliza miaka 25 akiwa na cheti cha kidato cha nne pekee hapaswi kupoteza nauli yake, na ushauri wa mtaani wa kupunguza miaka ni wa kuukwepa kabisa, kwa sababu zitakazoelezwa tutakapofika kwenye karatasi.

Kuhusu elimu, wahitimu wa kidato cha nne wamekuwa wakikubaliwa kuanzia daraja la kwanza hadi la nne, ila kwa daraja la nne si wote. Daraja hilo huanzia alama 26 na kuishia 33, na Jeshi limekuwa likipokea wenye alama 26 hadi 28. Hapa panahitaji hesabu ndogo, maana wapo wanaojiondoa bila sababu na wapo wanaoomba bila kustahili. Alama hujumlishwa katika masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikihesabiwa 1, B ikiwa 2, C ikiwa 3, D ikiwa 4 na F ikiwa 5. Mwenye D saba ana alama 28 kamili, na huyo anaruhusiwa. Mwenye D sita na F moja ana 29, na huyo hayumo. Lakini mwenye C moja, D tano na F moja anarudi kwenye 28, kwa hiyo F moja haimtoi mtu ikiwa kuna C ya kuifidia. Mwombaji atazame matokeo yake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, ambako daraja na alama vimeandikwa pamoja, na asitegemee kumbukumbu yake wala ya mwalimu.

Kwa kidato cha sita kinachotakiwa ni daraja la kwanza hadi la tatu. Wenye astashahada, stashahada na shahada huchukuliwa kwa kufuata fani ambazo Jeshi linazihitaji wakati huo, na fani hizo huorodheshwa katika tangazo lenyewe. Ambaye fani yake haikutajwa lakini cheti chake cha kidato cha nne au cha sita kinatosha, na umri na mwaka wake wa kuhitimu vinaruhusu, anaweza kufikiria kuomba kwa cheti hicho, mradi asitumie sifa mbili kwa wakati mmoja.

Urefu usiopungua futi tano na inchi nane kwa wanaume, na futi tano na inchi nne kwa wanawake, ndio uliotajwa. Kwa kuwa vituo vya afya vingi hupima kwa sentimita, hiyo ni kama sentimita 173 na 163. Mtu apimwe akiwa peku, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kichwa kikitazama mbele. Watu hupungua kimo kwa takriban sentimita moja kati ya asubuhi na jioni kutokana na uti wa mgongo kubanwa na uzito wa mwili, na kwa hiyo aliye kwenye ukingo wa kipimo asijihukumu kwa kipimo cha saa kumi na mbili jioni baada ya kutwa nzima ya kubeba mizigo Kirumba. Viatu vyenye soli nene na soksi mbili mbili havimsaidii mtu yeyote.

Masharti mengine yanahusu maisha binafsi ya mwombaji. Asiwe ameoa au kuolewa, wala asiwe na mtoto. Asiwe na alama za kuchora mwilini. Asiwe amewahi kutumia dawa za kulevya za aina yoyote, na hapa nitaje mirungi kwa jina, kwa sababu huvuka kutoka Kenya, ambako inauzwa kihalali, na vijana wengi wa ukanda wa Mara huiona kama majani ya kuchangamsha mazungumzo, ilhali kwa sheria ya Tanzania ni dawa ya kulevya kama ilivyo bangi. Asiwe ameajiriwa na taasisi nyingine ya Serikali. Awe anazungumza Kiswahili na Kiingereza kwa ufasaha. Awe tayari kufanya kazi mahali popote nchini. Jeshi la Polisi ni la Muungano, na maana yake ni kwamba mtoto wa Sengerema anaweza kupangiwa Pemba au Mtwara.

Sharti la kutokuwa na kumbukumbu za uhalifu nalo lina sura yake ya ziwani. Kijana aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa kuvua kwa zana haramu kama kokoro au nyavu za timba, akakiri, akalipa faini na kurudi mwaloni, mara nyingi hujihesabu kuwa hana kosa kwa sababu hakulala gerezani. Hukumu ya faini ni hukumu ya hatia, na imeandikwa. Akiulizwa kwenye usaili kama amewahi kutiwa hatiani, jibu lake liwe la kweli, na ni bora ajue uzito wa jibu hilo kabla ya kutumia fedha za kusafiri. Kuwahi kukamatwa na kuachiwa bila kufikishwa mahakamani ni jambo tofauti, na nalo lielezwe kama lilivyotokea.

Jambo moja zaidi ambalo vijana hawalitazamii: Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa inamwachia haki ya kupiga kura, na katazo hilo linawahusu polisi sawasawa na Jeshi la Ulinzi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwenye kadi ya chama, au uongozi katika jumuiya ya vijana ya chama, ajue kwamba atalazimika kuviacha.

Majina, tarehe na karatasi

Karatasi za msingi ni nne: cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, namba au kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na vya chuo, na barua ya maombi. Kila mojawapo ni rahisi kuipata peke yake. Ugumu uko kwenye kuzifanya zote zimtaje mtu mmoja.

Chukulia jina la Kisukuma kama Ng'wandu. Kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa hivyo hivyo. Mwalimu wa shule ya msingi aliondoa ritifaa na kuandika Ngwandu, na cheti cha kidato cha nne kikafuata. Karani wa uandikishaji wa vitambulisho, pengine si mwenyeji wa huku, alisikia akaandika Mwandu. Nyumbani kila mtu anajua kwamba majina haya matatu ni jina moja, lakini kompyuta haijui, na afisa anayekagua maombi ya maelfu ya watu hana muda wa kujifunza matamshi ya Kisukuma. Ongeza hapo desturi ya kumwandikisha mtoto shuleni kwa jina la ubatizo likiwa la kwanza, na jina la ukoo likirukwa kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya majina mawili tu, na utaona kwa nini bahasha nyingi za kaki zina matatizo.

Namna ya kulishughulikia ni hii. Mwombaji aviweke vyeti vyake vyote mezani na kuandika, kwenye karatasi moja, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kama vinavyosomeka kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Akiona tofauti, aanze kwa kukubali kwamba cheti cha mtihani ndicho kigumu zaidi kubadilishwa baada ya mtihani kufanyika, na kwa hiyo mara nyingi ni busara kuzisogeza kumbukumbu nyingine zikifuate. Marekebisho ya taarifa za NIDA huombwa katika ofisi ya NIDA ya wilaya, na ya cheti cha kuzaliwa huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya, yote yakiambatana na ushahidi wa maandishi. Tofauti ndogo ya tahajia inaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu, ikithibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo kina kazi yake, lakini mimi ningemshauri kila kijana mwenye muda wa kutosha arekebishe kumbukumbu yenyewe, kwa kuwa mfumo wa maombi ya mtandaoni hausomi kiapo.

Tarehe ya kuzaliwa ina hatari kubwa kuliko jina. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa: aliyezaliwa tarehe 4 Machi 2003, namba yake huanza na 20030304. Umri wa mtu kwa hiyo unasomeka kabla hata hajafungua bahasha, na anayewasilisha cheti cha kuzaliwa chenye mwaka tofauti amejitangaza mwenyewe. RITA huhakiki vyeti vya kuzaliwa, Baraza la Mitihani huhakiki vyeti vyake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba jeshi lenye kazi ya upelelezi litashindwa kuuliza. Anayedhani uhakiki ni maneno ya kutishia watu akumbuke Aprili 2017, ambapo watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini, wengine wakiwa wametumikia miaka mingi. Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na aliyekamatwa nalo hapati tena nafasi ya kusema kwamba hana kumbukumbu za uhalifu.

Ambaye hakuwahi kusajiliwa alipozaliwa, na wapo wengi waliozaliwa nyumbani katika vijiji vya Kwimba, Magu, Misungwi na visiwa vya Ukerewe, anaweza kusajiliwa akiwa mtu mzima. Safari huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kwa barua ya utambulisho, kisha huenda kwa msajili wa wilaya akiwa na ushahidi alionao: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, vitambulisho vya wazazi. Aliyejiandikisha NIDA lakini hajapata kadi anaweza kutafuta namba yake kupitia tovuti ya NIDA, na namba hiyo inatosha kuanzia. Aliyepoteza cheti cha shule aanze kituo cha polisi kwa kutoa taarifa ya kupotelewa, kisha apeleke maombi yake Baraza la Mitihani. Na yule ambaye cheti chake bado kiko shuleni kwa sababu hajakifuata, au kwa sababu ya deni la mchango, akifuate wiki hii.

Mwili na afya

Afya njema ya mwili na akili huthibitishwa na daktari wa Serikali, si na zahanati binafsi ya jirani. Kwa mkazi wa Mwanza mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au kituo cha afya cha Serikali kama Buzuruga vinatosha kwa uchunguzi wa kawaida. Ningependa vijana wa pwani ya ziwa wafanye uchunguzi huo miezi kadhaa kabla, na wapimwe kichocho hata kama hawajisikii kuumwa, kwa sababu aliyekua akioga na kuchota maji ziwani yuko katika hatari ya kuwa nacho, na kichocho cha tumbo kinaweza kukaa kimya kwa muda mrefu huku kikimpunguzia mtu damu na pumzi. Tiba yake ni vidonge vya praziquanteli, ambavyo hutolewa kulingana na uzito au kimo, na mtu hurudi katika hali yake. Macho nayo yapimwe, pamoja na shinikizo la damu na meno.

Kuhusu mbio, Mwanza yenye vilima vya mawe inampa kijana uwanja wa mazoezi bila malipo, na anayepanda na kushuka Mabatini kila alfajiri kwa miezi miwili hatatishwa na kipimo chochote cha pumzi. Kuanza mazoezi wiki ya usaili ni kujitafutia maumivu ya misuli siku ambayo mwili unahitajika.

Kutuma maombi

Maombi hupelekwa kwa mfumo wa mtandao wa ajira wa Jeshi la Polisi, ajira.tpf.go.tz, na tangazo huwekwa kwenye tovuti ya Jeshi yenyewe. Mwombaji hujisajili kwa barua pepe na namba ya NIDA, hujaza taarifa zake, kisha hupakia nakala za vyeti. Barua ya maombi imekuwa ikitakiwa iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, iwe na namba yake ya simu, kisha ipigwe picha au iskaniwe na kupakiwa pamoja na vyeti. Sharti hili huwashangaza waliozoea kuchapiwa barua steshenari. Asiyelitimiza hana wa kumlaumu. Barua iwe fupi: mwombaji ni nani, elimu yake ni ipi, anaomba nafasi gani, na yuko tayari kwa mafunzo na kwa kupangiwa popote. Iandikwe kwa wino mweusi au wa bluu kwenye karatasi isiyo na mikunjo, kwa mwandiko wa kusomeka, na anwani ifuate ile iliyo kwenye tangazo.

Nani afungue akaunti hiyo ni suala linalohitaji tahadhari. Mwenye steshenari anaweza kusaidia kuskani na kupakia, lakini barua pepe na nywila viwe vya mwombaji, viandikwe na yeye mwenyewe, na simu iliyoandikwa iwe ile atakayokuwa nayo miezi ijayo. Wapo waliojazwa taarifa kwa barua pepe ya mwenye duka, kisha wito ukatumwa mahali wasipoweza kuufungua. Isitoshe, siku ya mwisho mtandao huelemewa, kwa hiyo anayetuma siku ya kwanza au ya pili ana nafasi ya kurekebisha kosa akiliona.

Vijana walio kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mfano Rwamkoma mkoani Mara, hufuata utaratibu unaopitia kambini na wasiombe kama raia wa mtaani kabla ya kuwauliza wakuu wao. JKT husaidia, kwa kuwa huwapa vijana nidhamu na mafunzo ambayo vyombo vya ulinzi vinayathamini, ila Jeshi hilo lenyewe husema wazi katika matangazo yake kwamba kujitolea si ahadi ya ajira. Mgambo na ulinzi shirikishi wa mtaani navyo ni uzoefu mzuri wa kutaja kwenye barua, lakini havichukui nafasi ya cheti wala ya urefu.

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara huku ni kama inawezekana kuomba moja kwa moja polisi wanamaji, kwa kuwa Chuo cha Polisi Wanamaji kiko hapa hapa Mwanza. Mtu huingia kwanza kwenye Jeshi kama askari wa kawaida, akapitia mafunzo ya awali, na utaalamu wa majini hufuata baadaye kwa kadiri Jeshi litakavyompangia. Mtoto wa Ukara anayejua kuogelea na kuendesha mtumbwi wa injini ataje ujuzi huo, maana ni ujuzi wa kweli katika mkoa ambao haujasahau kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Asitegemee tu kwamba utamvusha bila masharti mengine.

Usaili, gharama na matapeli

Wanaochaguliwa kwa usaili hutangazwa kwa majina kwenye tovuti ya Jeshi, pamoja na mahali na siku ya kufika. Gharama zote za kufuatilia ni za mwombaji, na tangazo husema hivyo wazi. Mkazi wa Nansio aweke akiba ya nauli ya meli au ya kuzunguka kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya hadi Bunda, na ya kulala mjini usiku mmoja, kwa sababu chombo cha asubuhi kikichelewa hakuna kamati itakayomsubiri. Wa Sengerema na Buchosa wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lakini nao wafike mjini jana yake.

Siku hiyo mwombaji aende na vyeti halisi na nakala zake, aliyenyoa au kusuka nywele kwa unadhifu, mwenye mavazi ya heshima yasiyobana. Aamkie wakubwa zake kwa shikamoo kama ilivyo desturi, kisha ajibu anachoulizwa bila kuzunguka. Aweze kujieleza kwa Kiingereza kwa dakika mbili tatu: jina, anakotoka, alikosoma, kwa nini anataka kazi hii. Ajue viongozi wakuu wa nchi na wa Jeshi, mfuatano wa vyeo kuanzia konstebo hadi Inspekta Jenerali, na kazi za msingi za polisi kama zilivyo katika Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322: kulinda amani, kutunza sheria, kuzuia na kupeleleza makosa, kukamata wahalifu, kulinda mali. Kwa maandalizi haya hakuna msaada ulio karibu kuliko ofisi ya polisi kata. Mkaguzi wa kata ni mtu wa kuulizwa maswali ya aina hii, na kijana anayekwenda kwake kwa adabu hurudi na majibu.

Kuomba hakulipiwi. Kila msimu wa ajira hutokea mtu mwenye "connection" makao makuu, ambaye anataka laki kadhaa za kutanguliza ili jina liingizwe, na kila msimu kuna familia inayouza ng'ombe au kiwanja kwa ajili yake. Matapeli hawa hutumia picha za maafisa kwenye makundi ya simu, barua zenye nembo, na orodha za majina zilizochapwa kabla ya ile halali. Mzazi anayeombwa fedha ajue kwamba ikiwa mwombaji fedha ni tapeli, fedha imepotea, na ikiwa ni mtumishi kweli, basi mtoaji na mpokeaji wote wametenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hutolewa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Anayefaulu hatua zote huitwa kwenye mafunzo ya awali, ambayo kwa kawaida hufanyika Shule ya Polisi Moshi, na wito huorodhesha vifaa vya kwenda navyo. Vyeti halisi huenda navyo pia, kwa hiyo nakala zilizothibitishwa zibaki nyumbani. Kwa mwanamke, sharti la kutokuwa na mtoto linaendelea kuwa na maana ndani ya mafunzo, ambapo ujauzito humkatizia safari yake; wazazi wa kike wamweleze binti yao jambo hilo waziwazi kabla hajapanda basi.

Ambaye jina lake halikutokea, na umri bado unaruhusu, anaweza kuomba tena dirisha jingine litakapofunguliwa. Magereza, Uhamiaji na Zimamoto na Uokoaji, ambavyo viko chini ya Wizara hiyo hiyo ya Mambo ya Ndani ya Nchi, hutangaza nafasi zao kwa nyakati tofauti na kwa masharti yanayokaribiana na haya, na vyote huanza kwa kudai namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vyenye jina moja.